Upepo wa Blowa: Chagua kwa Presha, Si kwa Lita

Ukiingia duka la vifaa vya mafundi Kariakoo, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, kuulizia blowa ya kutolea IC, muuzaji atakutajia namba mbili: wati za hita na lita za hewa kwa dakika. Wati 700, lita 120. Ukimbana kidogo ataongeza joto la juu, nyuzi 450 au 480. Hatakuambia feni iliyomo ndani ina mapanga ya namna gani, inazunguka kwa kasi gani, wala itabaki na nguvu kiasi gani ukishafunga nozeli nyembamba. Na hiyo nguvu inayobaki ndiyo itakayoamua kama IC inatoka haraka ikiwa nzima, au unaikaanga bodi dakika nzima na zaidi huku risasi imegoma kuyeyuka.

Mafundi wengi hujifunza joto kwanza: nyuzi ngapi kwa soketi ya chaji, ngapi kwa IC ya pawa. Upepo huachwa kwenye kitufe, "weka namba nne" au "weka nusu". Lakini joto halifiki kwenye bodi peke yake, linabebwa na hewa, na hewa inasukumwa na feni. Ukiijua feni yako utaelewa kwa nini mashine mbili zilizowekwa nyuzi 350 hazifanyi kazi sawa.

Hesabu ya joto kwanza

Hewa ni mbebaji dhaifu wa joto. Kupasha lita 60 kwa dakika kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 350 kunahitaji takribani wati 400. Lita 120 zinahitaji takribani wati 800. Sasa rudi kwenye lebo ya mashine ya aina ya 858D, mtindo unaonakiliwa na viwanda vingi na unaoonekana karibu kila kibanda cha fundi simu: wati 700 na lita 120. Hita ya wati 700 haiwezi kupasha lita 120 hadi nyuzi 350, sembuse 450. Kila namba inaweza kuwa kweli ikisimama peke yake, maana lita hupimwa hewa ikiwa baridi na mdomo ukiwa wazi, na joto la juu hupatikana upepo ukiwa mdogo. Kazini hazikutani.

Kwa hiyo usiongeze pesa kwa ajili ya lita nyingi kwenye boksi. Kazi ya kawaida ya bodi ya simu hutumia sehemu ndogo tu ya hizo lita. Chukua lita 20 kwa dakika kama mfano wetu hadi mwisho. Kwa nyuzi 350 zinahitaji wati 130 hivi za joto, na hita yoyote ya dukani inazimudu. Swali ni kama feni itaweza kuzipitisha kwenye nozeli uliyofunga.

Nozeli ndiyo inayoidai feni

Hewa ikipashwa hadi nyuzi 350 hutanuka zaidi ya mara mbili. Lita 20 zilizoingia baridi zinatoka zikiwa kama lita 42, na zote lazima zipite kwenye tundu la nozeli. Kwa nozeli ya milimita 8, hewa hutoka kwa mwendo wa mita 14 kwa sekunde, na presha inayohitajika kuipa mwendo huo ni kama paskali 55 tu. Feni yoyote inaweza. Ukiweka nozeli ya milimita 5, hewa ileile inapaswa kutoka kwa mita 36 kwa sekunde na presha inapanda hadi paskali 360. Ukiweka ya milimita 3, mwendo unakaribia mita 100 kwa sekunde na presha inafika karibu paskali 2,800.

Tazama namba hizo kwa makini. Tundu limepungua kutoka 8 hadi 3, lakini presha imepanda mara hamsini. Kanuni yake ni kwamba ukipunguza kipenyo cha nozeli kuwa nusu na kutaka hewa ileile, presha inayohitajika huzidishwa mara 16. Hapo hujahesabu kizuizi cha hita yenyewe, ambamo hewa hupenya katikati ya nyaya na vipande vya kauri au maika.

Hakuna anayetaka mita 100 kwa sekunde juu ya bodi yenye kapasita za milimita 0.4 kwa 0.2, zitaruka zote. Kwa nozeli ya milimita 3 utashusha upepo hadi lita 10, na presha itashuka hadi paskali 700 hivi. Hata hizo 700, pamoja na kizuizi cha hita, ni mzigo ambao feni ndogo nyingi hazibebi. Feni ikishindwa, hewa hupungua chini ya ulichokusudia, waya wa hita unakuwa mwekundu kwa kukosa wa kuchukua joto lake, kihisi joto kinakata na kuwasha bila utulivu, nawe unadhani tatizo ni joto. Unaongeza nyuzi, na bodi inaanza kuvimba.

Presha inatoka wapi

Impela hushika hewa katikati, huirusha nje kwa mapanga yake, na nyumba ya feni yenye umbo la konokono huikusanya na kuielekeza kwenye mdomo mmoja. Presha inayopatikana inategemea mwendo wa ncha za mapanga. Mwendo huo ukiongezeka mara mbili, presha huongezeka mara nne.

Tuseme impela ina kipenyo cha milimita 40 na inazunguka mara 20,000 kwa dakika. Ncha zake zinakwenda mita 42 kwa sekunde. Kinadharia ingeweza kutoa presha ya paskali 2,100, ila kwa impela ndogo kama hii tarajia kama nusu yake, paskali 1,000 hivi, na hiyo ni wakati mdomo umezibwa kabisa. Mdomo ukifunguka na hewa ikaanza kwenda, presha inashuka. Hivi ndivyo feni ya kwenye mpini ilivyo, kwa makadirio. Sasa chukua impela ya milimita 70, kwa mizunguko ileile 20,000. Ncha zinakwenda mita 73 kwa sekunde, na nusu ya presha ya kinadharia ni paskali 3,200. Ukubwa umeongezeka chini ya mara mbili, presha imekuwa mara tatu. Ndiyo sababu mashine zenye feni kubwa chini kwenye boksi hufanya kazi kwa utulivu na nozeli nyembamba, na ndiyo tofauti halisi unayoilipia.

Kanuni tatu za feni zikukae kichwani. Kasi ya mzunguko ikibadilika, lita hubadilika kwa kiwango kilekile, presha hubadilika kwa mraba wake, na nguvu inayovutwa na mota hubadilika kwa kipeo chake cha tatu. Zinafaa hata kwenye kutafuta hitilafu. Feni ya volti 24 inayopata volti 20 kwa sababu kapasita za pawa saplai zimechoka hupoteza karibu asilimia 17 ya kasi, lakini hupoteza asilimia 31 ya presha. Fundi analalamika kwamba feni imezeeka, kumbe feni ni nzima. Kabla ya kuagiza feni mpya, pima volti kwenye waya zake ikiwa inazunguka kwa kasi ya juu, si ikiwa imechomolewa. Kanuni hizohizo zinakukataza kuipandisha: feni ya volti 24 ukiipa 28 ili ipate nguvu, mota inabeba karibu asilimia 60 zaidi ya mzigo wake, na haitamaliza miezi mingi.

Pampu, feni ya mpini, au feni ya boksi

Mashine za hewa moto zimepita njia tatu. Ya kwanza ni pampu ya diaframu. Ndani ya boksi kuna sumaku ya umeme inayotikisa mkono mara nyingi kwa sekunde kufuata umeme wa ukutani, na mkono huo hubonyeza vikombe vya mpira vyenye vali ndogo. Hakko 850 ya Japani ilikuwa ya aina hii, na umbo lake liliigwa sana. Pampu yake ilitajwa kutoa lita 23 kwa dakika kwa kiwango cha juu kabisa. Lita chache, lakini pampu ya namna hii haijali nozeli. Presha yake ni kubwa kuliko ya feni yoyote ndogo, kwa hiyo ukifunga ya milimita 3 au ya milimita 8 hewa inabaki karibu ileile. Kwa kazi ya IC ndogo ni chombo cha heshima hadi leo. Udhaifu wake ni kelele ya kunguruma, mtetemo unaotembeza boksi mezani, hewa inayotoka kwa mapigo, na mpira unaopasuka ukikauka. Kama mashine yako ya aina hii imepoteza nguvu, fungua pampu uangalie vikombe kabla ya jambo lingine lolote. Na jihadhari na za mtumba kutoka Marekani za volti 120. Transfoma itakurekebishia volti, haitabadilisha hezi. Mkono uliotengenezwa kutikisika kwa umeme wa hezi 60 hupoteza nguvu kwa hezi 50 zetu.

Njia ya pili ni feni ndani ya mpini, mtindo wa 858D. Hakuna mpira mrefu wa hewa, bei iko chini, hewa ni laini na kimya. Kwa soketi za chaji, mifuniko ya chuma, konekta na IC kubwa, kwa nozeli ya milimita 8 na kuendelea, inatosha kabisa, na simshauri fundi anayeanza akope pesa kununua zaidi ya hii. Lakini feni imekaa sentimita chache kutoka kwenye hita, na ukubwa wake umebanwa na kiganja cha mkono. Haiwezi kuwa na presha ya kutosha kwa nozeli nyembamba, hata boksi liandikwe nini.

Ya tatu ni feni kubwa chini kwenye boksi, mota isiyo na kaboni, hewa ikipanda kwenye mpini kwa mpira wa silikoni. Quick 861DW ya wati 1,000 ndiyo inayojulikana zaidi mezani kwa mafundi wa bodi. Mpini unakuwa mwepesi, feni inakaa mbali na moto, presha ipo. Kwa fundi anayeshinda kwenye bodi za ghorofa mbili, zile zilizokuja na iPhone X mwaka 2017 ambapo bodi moja imelehemiwa juu ya nyingine, ningesema hii si anasa. Pale unahitaji hewa nyingi na yenye nguvu kwa muda mfupi, ili risasi ya kiwandani ilainike pande zote kabla plastiki za jirani hazijaanza kuharibika.

Mpira wa hewa

Hapa ndipo mashine nyingi zinazofanyiwa marekebisho hufia. Fundi ana mashine ya zamani ya pampu, mpira wa diaframu umepasuka, anaamua kuweka feni nzuri ya konokono mahali pa pampu. Anafunga, anawasha, upepo unatoka kama wa mtu anayepuliza chai. Feni inalaumiwa bure.

Mpira wa pampu huwa mwembamba, kwa sababu pampu ina presha ya kuupenya. Chukua mpira wa mita moja wenye tundu la milimita 6 na upitishe lita 40 kwa dakika: unapoteza karibu paskali 1,800 njiani kabla hewa haijaiona hita. Badilisha uwe wa milimita 10 na upotevu unashuka hadi kama paskali 160. Tofauti ya milimita nne imekula zaidi ya nusu ya presha ya feni yetu ya milimita 70. Kwa hiyo ukihamia kwenye feni, badilisha na mpira, na usisahau kiungio kinachoingia kwenye mpini, maana tundu la milimita 5 pale linatosha kuharibu kila kitu. Angalia pia mpira unapopinda nyuma ya mpini. Ukikunjika kidogo tu, hewa inapungua bila dalili nyingine yoyote.

Kusoma mapanga

Feni ikiwa mkononi, itazame upande wa mdomo wa kuvuta hewa. Nyumba ya konokono hupanuka taratibu kuelekea tundu la kutokea, na impela huzunguka kuelekea upande huo wa kupanuka. Ukishajua mzunguko, tazama ncha za nje za mapanga zinaelekea wapi.

Ncha zikilala mbele, kufuata mzunguko, na mapanga yakiwa mengi, mafupi na membamba, hiyo ni familia ya feni za kupozea laptop na viyoyozi. Inatoa hewa nyingi kwa kasi ndogo na kelele kidogo, lakini mapanga hayo hayajengwi kwa kasi kubwa, na feni ikikutana na kizuizi kikali inazidiwa. Tena ina tabia moja mbaya: ikiachwa wazi bila kizuizi chochote, mota inavuta umeme mwingi kuliko inapobanwa, na kuiendesha hivyo mezani kwa muda mrefu kunaweza kuiunguza. Kwa blowa ningeikwepa.

Mapanga yaliyonyooka kutoka katikati hadi nje ni magumu, rahisi kutengeneza na rahisi kusafisha. Moshi wa fluksi hauna pembe za kujificha. Hayana ufanisi mkubwa na hupiga kelele, ila yanavumilia kasi, na presha yake ni ya kuaminika.

Mapanga yanayolala nyuma, kinyume na mzunguko, kwa kawaida machache na marefu, ndiyo ninayoyapendelea kwa mashine ya boksi. Hupoteza nguvu kidogo, mota yake haizidiwi nozeli ikiwa wazi au ikiwa nyembamba, na upepo hubadilika kwa utulivu unapozungusha kitufe. Yanahitaji kasi kubwa ili kutoa presha, na siku hizi mota zisizo na kaboni zinaiweza kasi hiyo. Mashine za kumsaidia mgonjwa kupumua usingizini hutumia feni ndogo za konokono za namna hii, na huenda hadi paskali 2,000 za presha usiku kucha bila kuchoka. Ukiipata iliyotolewa kwenye mashine mbovu, una feni bora kuliko nyingi za dukani.

Feni bapa ya kompyuta, ile inayopuliza moja kwa moja mbele, usiifikirie. Ya kawaida ya milimita 40 hutoa makumi machache tu ya paskali. Itazunguka vizuri, itapiga kelele, na hewa haitavuka hita.

Kuna kosa la kufunga linalowapita hata wazoefu. Feni ya konokono yenye mota ya kaboni ukiibadilishia waya, chanya kwenye hasi, inazunguka kinyume lakini hewa inaendelea kutoka mdomo uleule, hafifu. Fundi anaona upepo, anaamini imefungwa sawa. Hakikisha mshale wa mzunguko au umbo la konokono kabla ya kufunga kava. Mota isiyo na kaboni usiijaribu hivyo, kwani ubao wake mdogo wa ndani unaweza kuungua papo hapo. Hiyo nayo huja na waya mbili, tatu au nne: chanya, hasi, wa kuripoti kasi, na wa kuamuru kasi. Kama mashine yako inasoma kasi na wewe ukaweka feni ya waya mbili, huenda ikakataa kuwasha hita, na ina haki.

Beringi, mizani na pengo

Feni ya mpini huuliwa na joto kuliko matumizi. Bushi ya kawaida hukauka mafuta yake, shafti inaanza kucheza, impela inagusa nyumba. Ukinunua mbadala chagua ya beringi za mipira, mbili, hata kama bei imepanda.

Mizani ya impela ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Kwenye mizunguko 20,000, uchafu wa gramu 0.1 tu ulioganda milimita 20 kutoka katikati unavuta shafti kwa nguvu ya karibu nyutoni 9, karibu sawa na kilo moja inayoning'inia na kubadili upande zaidi ya mara 300 kila sekunde. Moshi wa fluksi na vumbi la barabarani hufanya uchafu huo bila shida. Kwa hiyo safisha mapanga yote, si lile moja linaloonekana chafu, kwa brashi laini na isopropili. Kamwe usipulizie feni kwa kompresa huku ikizunguka yenyewe: itapita kasi iliyotengenezewa, na mota isiyo na kaboni itageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye ubao. Ishike impela kwa kidole kwanza.

Tazama pia pengo kati ya impela na pete ya mdomo wa kuvuta. Kwenye feni ya ukubwa huu, ambapo panga lina kimo cha milimita chache, pengo la ziada la nusu milimita linarudisha hewa nyingi ndani na kuizungusha bure. Usitupe pete hiyo unapofungua, wala usiibandue kwa kufikiri ni urembo. Wanaochapa impela kwa printa za plastiki wajue kwamba plastiki ya PLA hulainika karibu na nyuzi 60; ndani ya mpini haina nafasi.

Pima mwenyewe

Huhitaji chombo cha maabara. Chukua mpira mwembamba unaoonekana ndani, kama ule wa dripu, mita moja na nusu, uupinde kama herufi U ukutani na uweke maji yenye rangi hadi nusu. Toa feni kwenye mashine na uiwashe kwa pawa saplai ya mezani kwa volti zake halisi. Usifanye kipimo hiki hita ikiwa imewaka, kwa maana kuziba hewa na hita ikiwa moto ni kuiunguza. Ziba mdomo wa feni kwa kipande chenye tundu dogo lililounganishwa na mpira wa maji. Maji yatapanda upande mmoja na kushuka mwingine. Kila sentimita ya tofauti kati ya pande mbili ni karibu paskali 98. Feni ya paskali 1,000 itakuonyesha sentimita 10. Ile ya 3,200 itakuonyesha 33. Andika namba hiyo ndani ya kava kwa kalamu ya wino mzito siku feni ikiwa mpya. Ikishuka kwa robo, kuna uchafu, bushi iliyochoka au volti pungufu, na sasa unajua pa kuanzia.

Kwa lita, tumia mfuko mwepesi uliokwisha kupimwa ujazo wake kwa ndoo ya lita 20. Ubonyeze ukae bila hewa, ufunge kwenye mdomo wa feni baridi, hesabu sekunde hadi ujae bila kukaza. Kwa mfuko wa lita 20, sekunde 20 ni lita 60 kwa dakika. Rudia ukiwa umeweka nozeli yako nyembamba kuliko zote, na hiyo ndiyo lita ya kweli ya mashine yako.

Masikio nayo hudanganya. Ukiziba mdomo wa feni ya konokono, mlio unapanda na kuwa mkali, na wengi husema "sasa imepata nguvu". Mlio unapanda kwa sababu feni haina tena hewa ya kusukuma, mota imepungukiwa mzigo, inakimbia. Ukisikia mlio umepanda wakati wa kazi bila wewe kugusa kitufe, simama utafute kilichoziba: chujio chini ya boksi, mpira uliokunjika, kiganja chako juu ya matundu ya nyuma ya mpini, au hita iliyoziba kwa maika iliyovunjika.

Umeme ukikatika

Mashine nyingi huendelea kupuliza baada ya kuzimwa hadi hita ishuke chini ya nyuzi 100. Usichomoe waya kabla feni haijasimama yenyewe. Lakini umeme haukuombi ruhusa. Ukikatika ukiwa katikati ya kazi na mashine yako ni ya feni ya mpini, ondoa mpini kwenye bodi na uushike nozeli ikitazama juu, mbali na uso na pazia. Joto litapanda na kutokea kwenye nozeli, na hewa baridi itavutwa kupitia matundu ya feni, ikipoza kila kitu njiani. Ukiuacha umening'inia nozeli ikitazama chini, joto lote la hita litapanda kwenye feni, grisi itayeyuka na plastiki italegea. Kwa feni ya boksi hatari hii ni ndogo, ingawa mpini bado utapata moto.

Na ukiwa umefungua mashine, hasa nakala za bei nafuu za mtindo wa 858D, weka mita kati ya chuma cha nozeli na pini ya ethi ya plagi. Isome karibu sifuri. Zipo zilizotoka kiwandani waya wa ethi ukiwa haujafika kwenye mpini, au swichi ikikata waya wa nyutro badala ya laivu. Rekebisha kabla ya kuitumia tena.

Ukihama mji

Dar es Salaam na Mombasa ziko usawa wa bahari. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu, na hewa ya pale ni nyepesi kwa karibu asilimia 18 kwa joto lilelile. Feni ikizunguka kwa kasi ileile itatoa lita zilezile, lakini kila lita ina hewa pungufu, kwa hiyo joto linalofika kwenye bodi linapungua kwa kiasi hichohicho ingawa skrini inaonyesha nyuzi 350 zilezile. Mpira wako wa maji nao utasoma sentimita 27 pale uliposoma 33 pwani, na feni haina kosa. Kampala na Kigali ziko katikati ya hali hizo mbili. Fundi aliyezoea namba zake za Kariakoo akifika Nairobi aongeze upepo kwanza, kiasi cha hatua moja, kabla ya kugusa joto, kisha ajaribu kwenye bodi iliyokufa na kuhesabu upya sekunde za risasi kuyeyuka. Pwani kwenyewe chumvi ya hewa hula pini za plagi za feni, na mguso mbaya pale ni sawa na volti pungufu. Zisugue kwa isopropili kila unapofungua mashine kusafisha mapanga.